Msindikize Nesi wa Mboga

Wambui hakujaliwa kusema uongo, na kwa bahati mbaya kazi aliyopewa mwaka ule wa 2002 ilimtaka aseme uongo kidogo kila siku.

Alikuwa nesi wa utafiti katika hospitali moja ya kusini mwa London. Utafiti wenyewe ulihusu wajawazito wanaopigwa na kuteswa na waume zao, na madhara yanayompata mama na mtoto aliye tumboni. Sasa, huwezi kumwandikia mtu barua ukamwambia, "Tunakuja Jumanne kukuuliza kama mumeo anakupiga," maana atakayeifungua barua huenda akawa ndiye mpigaji. Kwa hiyo karatasi zote zilizokwenda majumbani zilibeba jina la upole: Afya na Lishe ya Mama Mjamzito. Nesi afike, aulize maswali mawili matatu ya mboga na matunda, na akishabaki faragha na mama, ndipo atoe swali lenyewe. Mtu mwingine akiwepo, hata awe mama mkwe, hata awe mtoto anayeanza kuelewa maneno, swali halitoki. Wambui hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Alijua swali likiulizwa vibaya, atakayelilipia ni mwanamke usiku ule ule.

Profesa Marcelina, mkuu wa utafiti, alimchagua Wambui kwa kuwa alitoka Nyeri, alijua Kiswahili, na aliwahi kuwahutubia wenzake saa nzima juu ya mila za Waafrika wa Mashariki. Aliwaambia wavue viatu mlangoni. Aliwaambia wasikatae chai. Aliwaambia wasimtazame mkwe wa mtu usoni. Alipigiwa makofi hadi akaona haya, na mtu mmoja wa idara ya mifupa akamwomba picha. Ayakumbuke hayo makofi kila anayesoma, maana Wambui mwenyewe aliyakumbuka baadaye na masikio yakamwaka moto.

Mmoja wa kina mama aliopangiwa Wambui aliitwa Laurette, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mwenye mimba ya kwanza, akikaa ghorofa ya nne katika majengo ya halmashauri kule Peckham. Mumewe aliitwa Aristide. Na Aristide, jamani, alikuwa mtu wa kupendwa. Asubuhi alisafisha maofisi, Jumapili alikuwa msimamizi wa mlangoni kanisani, anapokea watu kwa glavu nyeupe na kuwaonyesha viti. Hakuna mama wa kanisa aliyepita mlango ule bila kuulizwa habari za magoti yake. Wambui alipobisha hodi mara ya kwanza, Aristide alifungua kabla hajashusha mkono.

"Munganga! Karibu, karibu sana!" alisema, kwa jina lile ambalo Wakongo humwitia daktari na nesi bila kubagua. "Tumesoma barua yako. Chakula! Mumeuliza kitu ya maana sana. Kaa hapa. Laurette, salimia munganga."

Laurette alisalimia. Alikuwa amevaa koti zito la kahawia, na ilikuwa Julai, siku ambayo watu wa Peckham walikuwa wakitembea vifua wazi. Wambui akaandika pembeni ya karatasi yake: *anahisi baridi, huenda damu imepungua.* Kisha akaanza kutafuta njia ya kumwondoa mwenye nyumba sebuleni.

"Naomba maji ya kunywa," alisema.

Jagi lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa.

"Pengine chai, kama si taabu."

Chupa ya chai ilikuwa mezani pia, na vikombe, na sukari, na maziwa, na karanga. Aristide alikuwa amepanga kila kitu karibu na mkono wake, hata hakuwa na haja ya kunyanyuka. Akamimina, akaketi, akakunja nne, na akaanza kujibu. Wambui alimuuliza Laurette anakula mboga gani. Aristide akajibu sombe. Alimuuliza kama analala vizuri. Aristide akajibu kama mtoto mchanga. Alimuuliza kama mtoto anacheza tumboni. Aristide akasema, "Anacheza sana, hasa mashariki," akaonyesha ubavu wa kulia wa mkewe kwa kidole.

"Mimi mwenyewe ndiye ninamupikia," aliongeza, akifunua sufuria. Ikawa lazima Wambui ale. Ile sombe ilikuwa tamu ajabu, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalainika na mawese, na Wambui, aliyekula mkate wa duka asubuhi, akajikuta anakwangua sahani. Laurette alipoinuka kuongeza, kijiko kilimponyoka kikagonga sakafu. Aristide akacheka. Wambui naye akacheka, kwa adabu. Laurette alicheka wa mwisho, baada ya kumtazama mumewe kwanza, na kicheko chake kilikatika pale pale cha mumewe kilipokatika. Jambo hilo lilimwingia Wambui kama ubaridi. Kuanzia hapo hakuwa tena na utafiti kichwani. Alikuwa na Laurette.

Alipoaga, Aristide alisema, "Laurette, sindikiza mgeni." Yeye mwenyewe asingeweza: msimamizi wa kanisa kuonekana akitembea barabarani na mwanamke asiye wake, mama wa kanisa wangemla mzimamzima. Laurette alikuwa tayari amevaa viatu vya kufunga, koti lake limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Hapana, hapana!" Wambui alisema, akimshika mabega na kumrudisha kwenye kiti. "Na hiyo tumbo? Lifti imekufa. Wewe kaa, inua miguu. Mimi najua njia."

"Lakini dada…"

"Kaa, sista. Ni amri ya nesi."

Aristide alimsifu kwa utu wake. Wambui akashuka ngazi peke yake, akiwa amejiridhisha, akiwaza namna ya kupata faragha.

Mara ya pili alikuja na mbinu. Alisema utafiti unahitaji kupima ndizi mbichi za kupika, na yeye amesahau kuzileta. Je, ndugu Aristide angeweza kwenda kidogo pale Rye Lane? Aristide alisema bila shaka, akatoa simu, akampigia mtu. Kabla Wambui hajalainisha koo kwa lile swali, waliingia mama watatu wa kanisa na mkungu mzima, kila mmoja akiwa amevaa kama anakwenda harusini, kwa kuwa Aristide alikuwa ametangaza utafiti wa chakula siku ya Jumapili, baada ya sadaka.

"Mimi ninakula ugali ya mahindi tu," alianza wa kwanza. "Andika."

Wambui akaandika. Angefanya nini? Aliandika magonjwa ya tumbo ya mama wa pili na ugomvi wa mama wa tatu na mchele wa Kizungu. Alipima ndizi moja moja kwa mizani ya kupimia watoto. Mtu akamuuliza kipimo cha ndizi kinamsaidiaje mjamzito, naye akajibu kwamba ndizi nzito ina uzito zaidi, na wote wakaitika kwa mshangao wa heshima. Laurette alikaa kwenye kona, na koti lake, akimtazama nesi huyu kwa macho ambayo Wambui hakuweza kuyasoma. Alidhani ni kiu. Wakati wa kuondoka Laurette alisimama tena, viatu tayari miguuni.

"Leo wacha nikusindikize, dada."

"Ndizi hizi zote za kumenya na bado unataka kupanda ngazi? Hata!" Wambui alijibu, akakimbilia basi.

Kwa mara ya tatu alijiona amepata dawa. Choo! Hakuna mwanamume wa Bukavu wala wa Nyeri atakayeingia chooni na wanawake wawili. Alitangaza kwamba leo ni siku ya kupima mkojo, akamshika Laurette mkono, wakaingia, akafunga komeo. Kilikuwa choo kidogo mno, kimejengwa na mtu aliyewachukia watu wenye magoti. Tumbo la Laurette lilimbana Wambui mlangoni. Wambui alivuta pumzi, swali likiwa ncha ya ulimi.

"Muko sawa?" Aristide aliuliza kutoka nje. Alikuwa ameegemea mlango. Wambui alihisi ubao ukisukuma mgongo wake.

"Tuko sawa!"

"Ninaimba kidogo, ili msisikie haya." Akaanza wimbo wa kanisa, beti zote, kwa sauti ya pili, na kila baada ya ubeti akanyamaza kusikiliza. Kwa ukimya ule Wambui alijua hakuwa akiimba kwa ajili ya haya ya mtu. Laurette alinyanyua kidole akagusa midomo yake, taratibu. Swali likarudi tumboni.

Walipotoka, Aristide alikuwa amesimama na chupa ya mayonezi iliyojaa mkojo, ya moto bado, ameifunika kifuniko vizuri.

"Na yangu," alisema. "Familia ni watu wawili, munganga. Ama utafiti unabagua wanaume?"

Wambui aliipokea. Aliishukuru. Alipanda nayo basi namba thelathini na sita akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili, na kila basi lilipofunga breki aliomba Mungu wa mama yake. Hakuwa amekubali kusindikizwa siku hiyo pia. Ungemruhusuje mjamzito aliyetoka kubanwa chooni vile ashuke ghorofa nne?

Ofisini Profesa Marcelina alisoma taarifa yake kimya. Ilikuwa na kurasa nyingi juu ya sombe.

"Wambui, hii ni taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu majani ya muhogo," alisema. "Lakini mama huyu hujampata peke yake hata mara moja. Nenda umuage, tumtoe kwenye utafiti. Hatuwezi kuendelea kumfuata. Mumewe ataanza kushuku, na sisi tutakuwa tumemdhuru."

Wambui alikwenda kwenye choo cha hospitali, chenye nafasi ya kutosha, akalia. Alijua Marcelina alisema kweli. Alijua pia kwamba mlango ule wa ghorofa ya nne ukishafungwa nyuma yake hakuna mtu mwingine wa kuugonga. Mtoto angezaliwa mwezi uliofuata. Alinawa uso, akajitazama kwenye kioo, akalisema swali kwa sauti, kama alivyolisema kila asubuhi tangu Julai: *Je, kuna mtu wa nyumbani kwako aliyekupiga, aliyekusukuma au anayekutisha?* Lilimtoka vizuri sana. Kioo hakikujibu.

Siku ya kuaga, Aristide alihuzunika kuliko wote. Alitoa hotuba. Alisema nyumba yake imekuwa shule. Alisema angependa matokeo ya chupa yake yasomwe kanisani. Kisha akaleta zawadi: sufuria kubwa ya sombe, ya bati, ya kulisha msiba, imefungwa kwa kitenge na fundo juu.

"Hii ni yako, munganga. Mimi mwenyewe nilipika."

Wambui aliikumbatia. Ilikuwa nzito na ya moto, ikamfunika kuanzia kidevu hadi kiuno. Hakuweza kuona miguu yake. Alimwambia Laurette kwaheri juu ya fundo la kitenge, akimtafuta macho, akitamani macho yaseme yale ambayo sheria ilikataza. Aligeuka kuondoka, akasimama mbele ya mlango, na hapo akagundua kwamba hana mkono wa kuufungulia.

"Laurette!" Aristide alisema. "Fungulia munganga milango. Musindikize."

"Hapana, akae, tumbo…" Wambui alianza kwa mazoea.

"Dada," Laurette alisema, akiwa ameshafunga vifungo vya koti. "Utafungua kwa meno?"

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, ukafungwa. Mlango wa ngazi ukafunguliwa, ukafungwa. Walishuka polepole, Laurette akishika ukuta, Wambui akipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu. Ghorofa ya tatu walipita bila neno. Walipofika ya pili Wambui alisikia ukimya. Hakukuwa na wimbo. Hakukuwa na mama wa kanisa. Hakukuwa na mtu yeyote duniani isipokuwa yeye, na Laurette, na sombe.

Moyo ulimdunda hadi mfuniko ukagonga. Wakati ndio huu! Alifungua mdomo, na swali alilolisema kila asubuhi lilikuwa limemtoka kichwani lote, limekwenda, halipo. Mdomo wake ulibaki wazi bila mwenyewe, na kilichotoka ni kile ulichokizoea.

"Je," alisema, "mboga za majani unakula mara ngapi kwa wiki?"

Laurette alisimama. Akamtazama. Na kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho Wambui hakuwahi kukisikia kule juu, kikubwa, cha kushika ukuta, hadi machozi yakamtiririka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Eh, maman yangu," alisema. "Kila mara ninavaa viatu nikusindikize. Kila mara unanirudisha kwenye kiti. Ninajisemea, huyu munganga hataki kunisikia. Kwenu Kenya, mgeni anaambiwa neno yake ndani ya nyumba, mbele ya watu?"

Wambui aliyakumbuka makofi. Aliikumbuka saa nzima ya viatu na chai na mkwe wa mtu. Huko kwao Nyeri mama yake hakuwahi kumwambia mgeni jambo la maana sebuleni. Sebuleni mlikula, mkaulizana mvua. Habari yenyewe, ya ugonjwa, ya mtoto aliyepotoka, ya mume, ilisemwa njiani, mgeni anaposindikizwa, baada ya kona ya kwanza. Kila mtu alijua. Yeye mwenyewe alilijua kabla ya kujua kusoma, halafu akaja London, akawa na basi la kuwahi, akalisahau. Alijisikia mpumbavu kuanzia utosini, na alijisikia hivyo kwa haki kabisa.

"Nisamehe, dada," alisema. Na sasa swali likaja lenyewe, fupi, bila maneno ya ofisini. "Anakupiga?"

"Njo vile," aliitikia Laurette. "Tangu mimba iingie. Na sasa anasema mtoto akizaliwa sitatoka tena."

Alisema mengine, machache, na Wambui aliyasikiliza yote akiwa amekumbatia sufuria, mikono ikimfa ganzi, asithubutu kuiweka chini asije akamkatiza. Hakukuwa na la kuchekesha ndani yake. Alipomaliza, Wambui alimweleza kwamba iko nyumba ya kuwahifadhi wanawake, iko mbali na Peckham, anwani yake haitolewi kwa mtu, na simu moja tu ya Profesa inatosha kumpatia kitanda. Kama atataka. Leo au siku nyingine. Ataamua yeye mwenyewe.

"Leo," alisema Laurette.

"Basi turudi kwanza uchukue vitu, mimi nitamzungumzisha, nitamwambia habari za…"

"Vitu gani?" Laurette alifungua vifungo vya koti la kahawia. Mfuko wa ndani wa kulia ulikuwa na karatasi zake za ukimbizi na kadi ya kliniki. Wa kushoto ulikuwa na nguo ya kichanga, soksi mbili ndogo mno, na mswaki. "Nimezivaa tangu siku ya kwanza ulipokuja. Joto imeniua, dada. Ungekubali Julai, ningevaa rinda."

*Anahisi baridi, huenda damu imepungua.* Wambui alifumba macho kwa aibu.

Walitoka nje. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya macho ya jengo zima, na Aristide alikuwa amekwisha kutoka kwenye baraza ya ghorofa ya nne kuwatazama, glavu tu ndizo zilizokosekana. Wambui alidhani wamekwisha. Kisha sauti ikashuka kutoka juu, ya furaha, ya kusikika na majirani wote.

"Laurette! Mufikishe kabisa! Usimuache njiani mgeni wangu!"

"Ndiyo, baba!" Laurette alijibu.

Basi namba thelathini na sita lilifika, la yale ya zamani yasiyo na mlango nyuma, na kondakta akashuka kuisaidia sufuria kwa maana aliikuta inamtangulia mwenyewe. Aliuliza kama itakatiwa tiketi. Wambui alipanda. Laurette alishika nguzo, akainua mguu mmoja, akapumua, akainua wa pili. Kengele ikalia mara mbili.

Juu barazani Aristide alikuwa bado anapunga mkono, kwa madaha, akiwaonyesha majirani namna nyumba yake inavyojua kuheshimu wageni. Laurette naye alipunga, hadi basi lilipokata kona. Kisha aliketi, akalivua lile koti, akalikunja juu ya mapaja yake. Mikono yake ilikuwa wazi hadi mabegani, na Wambui aliona alama zote, na hakuandika kitu.

Baada ya kumpigia Marcelina simu, na baada ya Marcelina kusema "Ndiyo" kabla hajamaliza sentensi, Wambui alitazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu.

"Atajua saa ngapi kwamba hurudi?"

Laurette alikuwa amefungua fundo la kitenge. Alifunua sufuria, akachota sombe kwa vidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Chumvi nilitia vizuri," alisema. "Yeye hajui hata kuwasha jiko." Akachota tena. "Usiogope, dada. Atangoja. Atasema, mke wangu ana adabu, amemsindikiza mgeni mbali."